Biashara ya kuchonga umbo: Mwili mdogo wavuruga hesabu za wenye mitaji

KATIKA juma moja tu la mwezi Februari 2017, zaidi ya dola za Marekani bilioni 4 ziliahidiwa kwa watengenezaji wawili wa mashine za kupunguza mafuta mwilini. Kampuni ya dawa ya Allergan ilitangaza kuinunua Zeltiq, wenye mashine ya kugandisha mafuta iitwayo CoolSculpting, kwa dola bilioni 2.475. Hologic nayo ikatangaza kuichukua Cynosure, wenye mashine ya leza iitwayo SculpSure, kwa dola bilioni 1.65. Waliokuwa na hisa za Zeltiq walilipwa dola 56.50 kwa kila hisa, wakati zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011 bei yake ilikuwa dola 13.

Neema hiyo haikuwafikia wote. Kabla mwaka 2019 haujakwisha, Hologic ilikuwa imekubali kuiuza Cynosure kwa dola milioni 205, yaani karibu moja ya nane ya fedha ilizotoa. Kampuni ya AirSculpt, yenye kliniki za kunyonya mafuta, iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021 kwa bei ya dola 11 kwa hisa, na katika miaka iliyofuata bei ikashuka mbali chini ya hapo. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Cutera, ambayo nayo ilikuwa ikiuza mashine za kuchonga umbo, ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake.

Sababu za maanguko hayo ni nyingi na hazifanani. Cynosure, kwa mfano, iliguswa na onyo lililotolewa Julai 2018 na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, kuhusu mashine za leza zilizokuwa zikitangazwa kwa matibabu ya uke, jambo lisilohusiana na tumbo wala mapaja. Lakini ipo sababu moja ambayo ni nadra kuonekana katika taarifa za mahesabu. Mteja wa biashara hii ana akiba maalum ya mafuta mwilini. Akiba hiyo ikishaondolewa, mwenye mashine hana kitu kingine cha kumuuzia. Kwa mwanamke mwenye umbo dogo, akiba hiyo huisha mapema mno, na hapo ndipo hesabu za faida zinapoanza kukataa.

Jambo hili linawagusa pia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Hakuna mtengenezaji wa mashine hizi aliyeorodheshwa katika soko la hisa la Dar es Salaam wala la Nairobi, lakini mashine zenyewe huletwa, na mwenye saluni anayeombwa kutoa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya mashine moja ni mwekezaji sawa na yule anayenunua hisa New York.

Mteja ni nani

Katika biashara ya nguo Marekani, mwanamke mwenye urefu usiozidi futi 5 na inchi 4, yaani kama sentimita 163, huhesabiwa kuwa na umbo dogo na hushonewa saizi zake za peke yake. Madaktari hawana kipimo cha namna hiyo. Kwao umbo dogo ni mifupa myembamba, kiwiliwili kifupi na uzito ambao mara nyingi uko chini ya kilo 55. Hapa kwetu ndio hao ambao vijana wa mjini huwaita vipotabo.

Isidhaniwe kwamba mtu wa namna hiyo hana haja ya huduma hii. Kiwiliwili kikiwa kifupi, kilo 3 au 4 zilizoongezeka baada ya uzazi hazina mahali pa kujificha, na nguo husema ukweli kabla ya mizani. Mwanamke wa sentimita 150 anaweza kuwa na kitambi na mikono mizito huku uzito wake ukiwa wa kawaida kabisa. Tena ndiye anayeonekana kuwa mteja bora kwa macho ya muuzaji, kwa kuwa ana afya, anajipenda, na analipa taslimu kwa sababu bima za afya hazigharimii urembo.

Hata masharti ya mashine yanaonekana kumpendelea. CoolSculpting, iliyoidhinishwa na FDA kwa nyama za ubavuni mwaka 2010 na kwa tumbo mwaka 2012, haikukusudiwa watu wanene. Kwa sehemu hizo za mwili iliwekewa ukomo kwamba uwiano wa uzito na urefu wa mteja usizidi 30. Kwa hiyo mtu akisoma karatasi ya matangazo ataona kwamba mwembamba ndiye mlengwa. Tatizo liko katika kipimo ambacho karatasi hiyo haikitaji, nacho ni unene wa mafuta yenyewe.

Asilimia ileile, faida nyingine

Kugandisha mafuta kulianza na jambo la kitoto. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mtoto aliyepata uvimbe, kisha kibonyeo, shavuni kwa sababu ya kunyonya barafu ya kijiti. Mafuta huganda mapema kuliko maji, hivyo baridi inaweza kuua chembe za mafuta bila kuiharibu ngozi iliyo juu yake. Madaktari Dieter Manstein na Rox Anderson wa Hospitali Kuu ya Massachusetts waliligeuza wazo hilo kuwa teknolojia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Mashine huvuta mkunjo wa mafuta ndani ya kikombe, hulipoza eneo hilo kwa muda, kisha mwili wenyewe husafisha chembe zilizokufa katika miezi 2 hadi 3.

Kupungua kunakotarajiwa ni kama asilimia 20 hadi 25 ya unene wa mafuta katika sehemu iliyotibiwa. Mwenye mkunjo wa sentimita 5 atapoteza kama sentimita 1, naye ataliona kwenye suruali yake. Mwenye mkunjo wa sentimita 2 atapoteza milimita 4 au 5. Wote wawili wametumia mashine ileile, muda uleule na kikombe kilekile, na kwa kawaida wamelipa bei ileile, maana bei hupangwa kwa kikombe wala si kwa mafuta yaliyoondoka. Wa kwanza atamleta dada yake. Wa pili atarudi baada ya miezi 3 kudai.

Zaidi ya hayo, kikombe kinahitaji nyama ya kukijaza. Mafuta yakiwa tandiko jembamba juu ya msuli, kikombe hakishiki vizuri. Ndiyo sababu watengenezaji walilazimika kuongeza vikombe vidogo, kikiwemo kile cha chini ya kidevu kilichoidhinishwa mwaka 2015. Kila kikombe kipya ni gharama mpya kwa mwenye kliniki, na kliniki isiyo navyo hujaribu kumpima mtu mdogo kwa ratili ya mtu mkubwa.

Kwa upande wa upasuaji wa kunyonya mafuta, kikwazo ni cha namna nyingine, nacho ni uzito. Tangu Dakta Jeffrey Klein wa California aonyeshe njia ya kujaza maji mengi yenye dawa ya ganzi chini ya ngozi, wagonjwa wengi hufanyiwa kazi hiyo bila kulazwa usingizi. Mwaka 1990 Klein alipendekeza kwamba dawa ya lidokeini katika maji hayo isizidi miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Baadaye madaktari wa ngozi wa Marekani walikubali hadi miligramu 55 kwa masharti. Kwa kipimo cha Klein, mwanamke wa kilo 80 anaweza kupewa miligramu 2,800, na wa kilo 45 miligramu 1,575 tu. Ikiwa kila lita ya maji ina gramu 1 ya dawa, huyo wa kwanza atapata lita 2.8 na wa pili ataishia lita moja na nusu hivi.

Maana yake kibiashara ni kwamba daktari mwaminifu hawezi kumfanyia mwanamke mdogo tumbo, mgongo, mapaja na mikono kwa siku moja kama anavyoweza kwa mwenye mwili mkubwa. Atagawa kazi hiyo mara mbili, na kila mara kuna chumba, muuguzi na vifaa vya kulipia. Daktari asiye mwaminifu atazidisha dawa. Lidokeini ikizidi huvuruga ubongo na moyo, na hatari hiyo inaweza kufika saa nyingi baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, kwa kuwa dawa iliyo ndani ya mafuta huingia katika damu polepole.

Mashimo yasiyokuwa na kifusi

Lita moja ya mafuta ina uzito wa kama kilo 0.9. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni asilimia 1 ya mwili wake, na kwa mtu wa kilo 45 ni asilimia 2. Huko Marekani kiasi cha kuanzia lita 5 za vilivyonyonywa ndicho kinachoitwa kikubwa na kudai uangalizi wa hospitali, lakini ukomo huo haukuandikwa kwa ajili ya mwili wa kilo 45, ambao husumbuliwa na kiasi kidogo zaidi cha maji na damu kinachopotea.

Aidha, panapokuwa na mafuta machache, kosa dogo huonekana. Mrija ukipita karibu mno na ngozi huacha bonde, na bonde la milimita 3 juu ya tandiko la sentimita 1 halifichiki. Dawa ya mabonde ni kuchukua mafuta mahali pengine na kuyapandikiza. Mwanamke mwembamba hana hapo mahali pengine. Madaktari wa kazi hii wanajua kwamba kumrekebisha mteja wa namna hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi ya kwanza, na mara nyingi hulazimika kufanya hivyo bila malipo ili kulinda jina.

Historia ya fani hii ina mfano mchungu. Mjini Paris, miaka ya 1920, mwanamke kijana aliyetaka miguu yake ya chini iwe myembamba alifanyiwa upasuaji na mguu mmoja ukalazimika kukatwa. Hakuwa mgonjwa wala mnene. Kesi ilifika mahakamani na daktari akawajibishwa.

Uhaba huohuo wa mafuta umeibana biashara ya kuongeza makalio kwa mafuta ya mteja mwenyewe, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo inayovuma Miami na Istanbul. Mwaka 2017 kikosi cha madaktari kilichochunguza upasuaji huo kilikadiria kifo 1 kwa kila upasuaji 3,000, kiwango cha juu kupita kawaida ya urembo, na jimbo la Florida likaanza kuweka kanuni kali kuanzia 2019. Wanawake wembamba ambao hawana cha kuhamisha huambiwa na baadhi ya kliniki wanenepe kwanza. Makampuni ya Marekani sasa yameona pengo hilo na kuanza kuuza mafuta yaliyosafishwa kutoka kwa watu waliofariki na kutoa miili yao. Kwa maneno mengine, mafuta ya binadamu yamekuwa bidhaa ya rafuni, na mnunuzi wake mkuu ni mtu mwembamba.

Kesi iliyotikisa chapa

Septemba 2021 mwanamitindo Linda Evangelista alitangaza kwamba CoolSculpting ilikuwa imemharibu umbo, akaishitaki Zeltiq akidai dola milioni 50. Alikuwa amepatwa na hali ambayo mafuta yaliyogandishwa huongezeka na kuwa magumu, mara nyingine yakifuata umbo la kikombe, badala ya kupungua. Ripoti ya kwanza ya kitabibu, ya mwaka 2014, ilikisia hali hiyo kuwa kama mara 1 katika 20,000. Baadaye kampuni yenyewe ilitaja kiwango cha juu zaidi, kama mara 1 katika matibabu 3,000. Julai 2022 pande mbili zilimalizana nje ya mahakama.

Kwa mwenye kliniki, hesabu haiishii kwa mteja mmoja. Kiwango hicho huhesabiwa kwa kila matibabu, na mteja mmoja hupewa matibabu kadhaa. Anayeongezewa vikombe ili matokeo madogo yaonekane makubwa anaongezewa pia nafasi za madhara. Na dawa ya madhara hayo ni kunyonywa mafuta kwa upasuaji, yaani kitu kilekile ambacho mteja alilipa ili akiepuke.

Mashine inapofika Kariakoo

Mfano wa hesabu tu: mwenye saluni ananunua mashine kwa sh. milioni 24. Anatoza sh. 300,000 kwa kila kikombe, na sh. 120,000 kati ya hizo zinakwenda kwenye karatasi za ute za kulinda ngozi, mshahara, umeme na pango. Anabaki na sh. 180,000. Ili arudishe fedha yake anahitaji vikombe 134. Ikiwa kila mteja anachukua vikombe 6, wateja 23 wanatosha. Ikiwa wateja wake ni wadogo na kila mmoja anahitaji vikombe 2 tu, anahitaji 67. Muuza mashine hupiga hesabu ya kwanza. Wanaoingia saluni mara nyingi ni wa hesabu ya pili.

Kuna jambo la pili ambalo madalali hawalisemi. Zeltiq haikutajirika kwa mashine peke yake. Iliuza pia kadi, na kila kadi ilifungua idadi maalum ya matibabu, kama vocha ya simu. Anayeuziwa mashine halisi kuukuu kutoka Ulaya au Marekani bila kadi amenunua kabati. Upo mtindo wa kuzifungua kwa ujanja, na zipo mashine za kuiga kutoka China zisizohitaji kadi na zenye bei ndogo sana, lakini kinachomlinda mteja ni kifaa kinachopima joto la ngozi na kukata baridi panapotokea hitilafu. Mashine ya kuiga isiyo na ulinzi huo, au karatasi ya ute iliyopunjwa, huunguza ngozi. Na mtu mwembamba, ambaye ngozi yake haiko mbali na msuli na mfupa, hana nafasi kubwa ya kusamehewa.

Nchini Tanzania vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na muagizaji asiye na kibali anaweza kupoteza mzigo wote bandarini. Kenya ilipata funzo Oktoba 2024, pale mwanamke mmoja alipofariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki moja ya Nairobi, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga. Mtaji wa mwenye jengo, vifaa na madeni hausubiri uchunguzi uishe.

Seoul, ambako mdogo ndiye soko

Ipo nchi moja ambako biashara imepangwa kwa mwili mdogo tangu mwanzo. Mtaa wa Gangnam, mjini Seoul, umejaa kliniki zinazouza sehemu ndogo ndogo: mkono wa juu, kidevu, nyama ya kwapa, ndama wa mguu. Korea Kusini ilipokea wagonjwa wa kigeni zaidi ya milioni 1.1 mwaka 2024, na zaidi ya nusu yao walikwenda kwa madaktari wa ngozi.

Wakorea waligundua mapema kwamba kwa mwanamke wa kilo 48 kinachojaza mguu au bega mara nyingi ni msuli, si mafuta. Kwa hiyo badala ya kugandisha wanachoma sindano ya sumu ya botulini, ileile inayotumika kuondoa makunyanzi, ili msuli wa ndama au wa bega ulegee na kusinyaa. Nguvu ya sindano hupungua baada ya miezi kadhaa na mteja hurudi. Mwenye kugandisha mafuta anauza mara moja, mwenye sindano anauza kila mwaka kwa mtu yuleyule, na mwili mdogo haumpunguzii kitu.

Wenye fedha wameliona hilo. Kampuni ya Hugel, mtengenezaji mkubwa wa sumu hiyo nchini Korea Kusini, ilinunuliwa na Bain Capital mwaka 2017, na mwaka 2021 hisa za Bain zikauzwa kwa kundi lililohusisha GS la Korea kwa kama won trilioni 1.7. Dawa yake, Letybo, iliidhinishwa na FDA mwaka 2024.

Sindano za kupunguza uzito, kama Wegovy iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, zimechukua sehemu ya wateja wanene waliokuwa wakienda kwenye mashine. Kipotabo hayumo katika masharti yake, maana yanaanzia uwiano wa 30, au 27 kwa mwenye maradhi yanayohusiana na uzito. Wenye kliniki waliopoteza wateja wanene wanabaki kumtazama yeye.

Anayetaka kufuata mkondo wa Korea kwa kununua hisa inambidi asome kibali kwa makini. Letybo iliidhinishwa Marekani kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, si kwa ndama wala mabega. Daktari anaweza kuitumia huko kwa uamuzi wake mwenyewe, lakini mtengenezaji haruhusiwi kuitangaza kwa kazi hiyo, na chupa moja ikishauzwa, mahesabu ya kampuni hayaonyeshi iliishia usoni au mguuni.